Fedha za Umma, Sanamu ya Nani?

Hotuba kwa wanamageuzi na waumini, Waa, Kwale



Swali tuliloletewa ni fupi. Je, ni haki serikali kutumia fedha za umma kuweka sanamu, minara, nakshi na michoro mahali pa umma, ilhali ziko nyumba zinazongoja mfereji wa maji na wagonjwa wanaoambiwa dawa zimekwisha? Aliyetuuliza hakutaka mashairi. Alitaka ndiyo au hapana.

Tukiri mapema kwamba sisi tuliolelewa na harakati za vyama vingi tulikuwa na jibu tayari mfukoni, nalo lilikuwa hapana. Jibu hilo halikutoka vitabuni. Lilitoka katika enzi ambayo jiwe likisimamishwa na serikali, lilisimamishwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mwaka 1988 utawala wa Nyayo ulipotimiza miaka kumi, mnara ulijengwa katika bustani ya Central Park mjini Nairobi: mkono ulioshika rungu, umechomoza juu ya mlima. Mwaka huohuo ndio uliokuwa wa uchaguzi wa mlolongo, wananchi wakipangwa foleni nyuma ya picha za wagombea, na mahali pengine mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi mchana kweupe. Rungu lile halikuhitaji maelezo.

Mwaka uliofuata, 1989, ukaja mpango mkubwa zaidi. Chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, makao ya gazeti lake na ofisi zake, na mbele yake isimame sanamu kubwa ya rais aliyekuwa madarakani. Gharama iliyotajwa ilikuwa takriban dola milioni 200, nyingi zikiwa za mkopo, maana yake deni la watoto wetu. Profesa Wangari Maathai aliandika barua akiuliza kwa nini bustani pekee ya wanyonge wa jiji igeuzwe kuwa ukumbi wa chama. Bungeni walimkejeli. Ofisi yake ikafukuzwa katika jengo la serikali. Lakini wafadhili walianza kusita, mpango ukapunguzwa, kisha ukafa. Na kona ileile ya bustani ndipo akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipoketi mwezi wa Februari 1992 wakigoma kula, wakapigwa na polisi mapema Machi, wakahifadhiwa katika kanisa la All Saints. Kona ile watu wakaiita Kona ya Uhuru. Haikuwa na sanamu wakati huo, wala kibao. Ilikuwa na akina mama waliokaa chini.

Basi mtu akitusimulia habari za sanamu za serikali, sisi husikia kwanza sauti ya Danieli sura ya tatu: mfalme amesimamisha sanamu ya dhahabu katika uwanda, tarumbeta zinalia, na kila kabila na lugha imeamriwa isujudu. Wengi wetu tumewahi kusimamishwa kando ya barabara juani, tukiwa watoto wa shule, tukipunga vijitawi huku msafara ukipita bila kupunguza mwendo. Twajua maana ya kusujudishwa.

Hata hivyo Biblia hiyohiyo ina jiwe la namna nyingine, na hilo ndilo lililotufanya tulifikirie tena jibu letu. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya nne, taifa limevuka Yordani. Yoshua anaagiza watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, waingie mtoni, kila mmoja achukue jiwe begani, na mawe yale yasimamishwe ili watoto watakapouliza siku moja ni ya nini, wazee wawe na la kuwasimulia. Tazameni jinsi mambo yalivyofanywa. Hakuna uso wa Yoshua pale. Hakuna kabila lililoachwa nje, wala lililobebesha mengine mzigo wake. Malighafi ni mawe ya mtoni, hayakuagizwa ng'ambo. Na kazi ya mnara ule si kuonekana. Kazi yake ni kuulizwa.

Kwa hiyo tuliacha kuuliza kama serikali iweke sanaa au isiweke, tukaanza kuuliza: jiwe la nani, limebebwa na nani, na likiulizwa litajibu nini?

Lakini kabla hatujaenda mbali, tusimkimbie yule mama wa mtungi. Hoja yake ni nzito, na hapa Kwale ni nzito kuliko mahali pengi. Maji ya chemchemi za Marere katika Milima ya Shimba yamekuwa yakipelekwa Mombasa tangu zama za ukoloni. Visima vya Tiwi, hapa jirani, hulisha Likoni na pwani ya kusini. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Titani ilichimbwa katika ardhi yetu tangu 2013 hadi mwisho wa 2024, ikapakiwa melini pale Likoni, na bado tunabishana juu ya nani alifaidi nini. Watu waliozoea kuona mali yao ikipita barabarani wana haki ya kushuku kila mradi unaoanza na neno "pambo".

Kuna waumini hujibu hoja hii kwa kisa cha yule mwanamke aliyempaka Bwana marhamu ya thamani, na Yuda akalalamika kwamba yangeuzwa maskini wapewe. Kisa hicho hutumiwa vibaya. Mwanamke yule alivunja chupa yake mwenyewe. Hakuivunja chupa ya kijiji. Mwenye kutaka kutumia ushuru wa mwenziwe kununua manukato hawezi kujificha nyuma yake.

Jibu letu kwa mama wa mtungi ni jingine. Fedha zinazoliwa Kwale, na katika kaunti nyingine zote, haziliwi na wachongaji. Mkaguzi Mkuu wa Serikali akitoa ripoti zake, maneno tunayoyasoma ni magari, safari, semina, malipo yasiyo na stakabadhi na majengo yaliyoachwa nusu. Anayesema "hakuna sanaa mpaka kila mtu apate maji" aseme pia "hakuna semina mpaka kila mtu apate maji", nasi tutamfuata nyuma kwa furaha. Tusipofanya hivyo tutakuwa tumemnyima maskini uzuri, na maji asiyapate vilevile. Na tusijifanye watakatifu: sisi wenyewe hukusanya sadaka tukapaka kanisa rangi kabla ya kununua madawati ya shule ya watoto, na hakuna anayetuita wabadhirifu, kwa sababu tunajua kwamba mtu mnyonge naye anahitaji mahali pa kuinua macho.

Sasa twende tuone kile ambacho tayari kimesimama kwetu, maana watu huzungumza kana kwamba sanaa ya umma ni jambo geni.

Ukivuka feri ukapanda mjini Mombasa utazikuta Pembe za Ndovu juu ya barabara ya Moi. Ziliwekwa katika miaka ya 1950 kwa heshima ya ziara za jamaa ya kifalme ya Uingereza, nazo ni za aluminiamu. Hakuna mwananchi aliyeulizwa. Kwa kipimo chetu cha leo zingekataliwa. Walakini nani hapa hajapiga picha chini yake? Arusi hupita pale, mashabiki wa kandanda hupita pale, na maandamano ya kudai haki yamepita pale. Watu wamezinyang'anya kutoka kwa wafalme wakazifanya zao. Tunalisema hili japokuwa linaipunguzia hoja yetu makali, kwa kuwa ni kweli.

Si mbali na hapo liko sanamu la Askari la mwaka 1927, la kuwakumbuka Waafrika na Waarabu waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Na karibu na Fort Jesus iko kumbukumbu ya Meja Wavell, Mwingereza aliyeuawa mapema mwaka 1916 pale Mwele, katika Kwale hii hii, pamoja na askari wake wa Kiarabu. Watu wa Kwale, tafakarini. Mwele ndipo palipokuwa ngome ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyewapinga Waingereza mpaka ngome ikaangushwa mwezi wa Agosti 1895, naye akakimbilia upande wa Wajerumani mwaka uliofuata. Mwingereza aliyefia Mwele ana jiwe Mombasa. Wadigo na Waduruma waliofia Mwele katika vita vile viwili wanalo wapi? Wachukuzi walioburutwa kubeba mizigo ya jeshi, wakafa kwa makumi ya maelfu Afrika Mashariki nzima kwa kuhara, malaria na njaa, wanalo wapi? Dola ya kikoloni ilijua vizuri sana thamani ya kutumia fedha za umma kwa mawe. Ilijikumbuka.

Na babu zetu je? Wao hawakuwa na hazina ya serikali, lakini walikuwa na mahali pa umma. Kaya zetu ndizo. Kaya Waa, Kaya Tiwi, Kaya Diani, Kaya Kinondo: msitu uliolindwa kwa miiko, uwanja uliofagiliwa, njia inayopita mahali maalumu wala si penginepo. Mwaka 1992 nyingi za kaya hizi zilitangazwa kuwa kumbukumbu za taifa, baada ya wenye mahoteli na wanyakuzi kuanza kuzimega. Na mwaka 2008 Misitu Mitakatifu ya Kaya za Mijikenda, Kinondo ikiwamo, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Tunajua wapo wakristo wenzetu wanaotetemeka wakisikia neno kaya katika mkutano wa kanisa. Hatuwaombi waende kutambika. Tunawaomba watambue kwamba hapa pwani palikuwa na watu waliotenga ekari kadhaa za ardhi nzuri, karibu na bahari, wakakataa kuzilima wala kuziuza kwa vizazi kadhaa, kwa kuwa palikuwa pa wote. Hiyo ndiyo gharama kubwa ya umma iliyowahi kulipwa katika wilaya hii.

Kwa ndugu zetu Wagiriama na wenzao wa kaskazini kuna vigango, nguzo za mbao zilizochongwa na kusimamishwa kuwaheshimu wazee wa Gohu. Wezi walizing'oa usiku, wafanyabiashara wakaziuza, zikajikuta katika majumba ya makumbusho ya Marekani zikiitwa sanaa. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 karibu na Kaloleni vilifuatiliwa na watafiti na kurudishwa kwa familia yenyewe mwaka 2007. Kimoja wakakijengea kizimba cha chuma ili kisiibwe tena. Makumbusho ya Denver nayo ilikubali mwaka 2014 kurudisha 30. Kigango ndani ya kizimba! Hiyo ndiyo picha ya hali yetu: tulikuwa na sanaa iliyolindwa na heshima peke yake, na sasa inalindwa na nondo.

Tukiuliza wachongaji watatoka wapi, jibu liko Msambweni. Wamakonde wa Kwale walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Ramisi. Dunia nzima inanunua vinyago vya Wamakonde. Kenya ilivinunua, ikawauzia watalii, na wakati huohuo ikawanyima wenye mikono hiyo vitambulisho kwa miongo mingi. Mwaka 2016, mwezi wa Oktoba, waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona rais, wakizuiwa njiani na polisi. Mwisho wa mwaka vitambulisho vikaanza kutolewa, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Kama kaunti hii itatumia shilingi kwa uchongaji, halafu shilingi hiyo ipite juu ya kichwa cha Mmakonde wa Makongeni imwendee mkandarasi wa Nairobi mwenye kampuni ya mkobani, hiyo itakuwa dhuluma ya pili.

Hapa tumgeukie jirani yetu Mwislamu, ambaye ndiye mwenyeji wa Waa kwa wingi. Kwake yeye kuchonga kiumbe chenye roho ni jambo la kukatazwa au la kuogopwa. Fedha za umma ni zake pia. Hatuwezi kumtoza ushuru kisha tumsimamishie mlangoni kitu ambacho dhamiri yake inakiita sanamu la kuabudiwa. Huko Dakar, Senegal, Rais Wade alizindua mwezi wa Aprili 2010 mnara wa shaba wenye mita 49, uliojengwa na kampuni ya Korea Kaskazini kwa takriban dola milioni 27, na malipo yakafanywa kwa kutoa ardhi ya serikali. Maimamu waliupinga. Wade, akijitetea, akafananisha mnara wake na sanamu za makanisani kwa maneno yaliyowaudhi Wakristo, akalazimika kuomba radhi. Halafu akadai asilimia 35 ya mapato ya watalii, ati wazo lilikuwa lake. Kwa mnara mmoja aliwakosea msikiti, kanisa na mlipa ushuru. Na mtu wa Kwale akisikia kwamba sanamu ililipiwa kwa ardhi ya umma, hana haja ya kuendelea kusikiliza.

Lakini pwani hii haijawahi kukosa sanaa kwa sababu ya kutochonga nyuso. Kuna milango ya nakshi, maandishi ya Kiarabu juu ya plasta, ukili uliosukwa na mama zetu wa Kidigo, kanga na majina yake, matumbawe yaliyokatwa kwa ustadi mpaka yakasimama karne nyingi katika Msikiti wa Kongo pale mdomoni mwa mto Mwachema. Mwenye kudai kwamba sanaa ya umma ni lazima iwe mtu wa shaba aliyenyoosha kidole hajatembea Pwani.

Ndugu zetu, mpaka hapa tumezunguka. Sasa tuje kwenye jambo lililotuleta.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, vijana wenye silaha walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakachukua bunduki, wakachoma vibanda na nyumba. Kwa majuma yaliyofuata mashambulizi yakaenea Likoni na sehemu za Kwale. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na takriban 100,000 wakayakimbia makazi yao, wengi wao watu wa bara. Maelfu walilala katika uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni. Uchaguzi ulikuwa mwezi wa Desemba. Mashirika ya haki za binadamu yalieleza jinsi wanasiasa walivyoyatumia malalamiko ya kweli ya wenyeji, ya ardhi na ya kazi, ili kuwafukuza wapiga kura wasiotakiwa. Tume ya Akiwumi nayo ikakaa, ikasikiliza, ikaandika. Na katika msako uliofuata, vijana wa Kidigo walikamatwa ovyo, wakapigwa na kuteswa, wengi wao wakiwa hawana hatia yoyote. Haya yote yalibandikwa jina la Kaya Bombo. Jina la kaya, mahali pa sala na miiko, likageuzwa kuwa jina la vita.

Tuulizeni watoto wetu waliozaliwa baada ya hapo wanajua nini. Wanajua neno moja, nalo hutamkwa kwa kunong'ona kila uchaguzi unapokaribia. Nairobi wale zaidi ya 200 waliouawa katika mlipuko wa tarehe 7 Agosti 1998 wana bustani na ukuta wenye majina yao. Dedan Kimathi, aliyenyongwa 1957 na ambaye chama chake kilibaki kimepigwa marufuku mpaka 2003, alipata sanamu yake mwaka 2007 katika barabara iliyo na jina lake. Tom Mboya akapata yake mwaka 2011, karibu na mahali alipopigwa risasi. Wapigania uhuru wa Mau Mau walipata mnara wao Uhuru Park mwaka 2015, uliolipiwa na serikali ya Uingereza baada ya mapatano ya nje ya mahakama, na tunasema kwa uchungu kwamba ilibidi mkoloni alipe. Waliouawa Likoni na Kwale mwaka 1997 hatujaona jiwe lao popote.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipendekeza katika ripoti yake ya mwaka 2013 kwamba waathiriwa wa dhuluma wafidiwe na kumbukumbu ziwekwe. Machi 2015 rais wa wakati huo aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Miaka ikapita bila waathiriwa kuuona. Kwa hiyo tunapozungumza leo juu ya fedha za umma kwa ajili ya jiwe, hatuzungumzi juu ya pambo. Ni sehemu ndogo sana ya deni lililokwisha kukiriwa.

Katika kikao chetu cha matayarisho tuligawanyika, na ni haki mjue. Wapo waliosema majina ya waliouawa yaandikwe yote, ya askari polisi, ya wachuuzi wa bara, ya wenyeji, kwa mfuatano wa alfabeti, bila kabila. Wapo waliouliza: na kijana aliyekufa baada ya kuteswa kizuizini, jina lake litakaa jiwe moja na la askari? Mama mmoja alijibu kwamba wote wawili wamekwisha kukaa udongo mmoja. Hapo tulikubaliana. Lakini alipouliza mwingine habari za mvamizi aliyeuawa akivamia, naye alikuwa mtoto wa mtu na pengine alidanganywa kwa ahadi ya shamba, kikao kilinyamaza. Hilo hatujalimaliza, wala hatutajifanya tumelimaliza. Tunaamini kwamba ubishi huo, ukifanywa mbele ya watu, kwa adabu, imamu na mchungaji wakiwa wameketi benchi moja, utakuwa na faida kubwa kuliko jiwe lenyewe.

Umbo lake? Tungependa mawe ya matumbawe ya hapa hapa, bila uso wa mtu, yawe kando ya njia ambapo watu hupita wakienda sokoni. Zanzibar, katika uwanja wa kanisa la Anglikana la Mkunazini, liko shimo lenye sanamu za watumwa waliofungwa minyororo, kazi ya mwaka 1998. Mtu akiinama kutazama hunyamaza mwenyewe, wala haambiwi anyamaze. Na Shimoni, kwetu hapa, wanakijiji wenyewe wanaliendesha pango lililohifadhi habari za utumwa, na kiingilio husaidia shule na matibabu. Jiwe linaweza kutunzwa na kijiji, likakitunza kijiji.

Kwa upande wa sheria hatuombi hisani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 11, inaiagiza serikali kukuza sanaa na utamaduni. Jedwali la Nne limezipa kaunti shughuli za utamaduni, makumbusho, bustani na fuo. Kifungu cha 201 kinataka fedha za umma zitumiwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi. Na kuna kifungu cha 231, ambacho sisi wa mageuzi tunakipenda kipekee: noti na sarafu za Kenya zisiwe na picha ya mtu yeyote binafsi. Noti mpya za mwaka 2019 zilipotoka zikionyesha jumba la KICC na sanamu ya Mzee Kenyatta mbele yake, mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda mahakamani. Ombi lake halikufaulu, lakini alikuwa amekisoma kifungu vizuri. Tungetaka roho ya kifungu kile ishuke kutoka kwenye noti mpaka kwenye viwanja vyetu: fedha ya kaunti isichonge uso wa mwanasiasa aliye hai, wala jina lake lisiandikwe kwa herufi kubwa kuliko za waliokufa. Mabango ya "mradi huu umeletwa kwenu na" yamekwisha kutuchosha.

Tunajua pia kwamba kazi mbaya ni gharama mara mbili. Mwaka 2024 mjini Eldoret ziliwekwa sanamu za wanariadha, wananchi wakaziangalia wakacheka mpaka zikaondolewa. Laiti mfano mdogo wa udongo ungewekwa sokoni kwa wiki mbili kwanza, kicheko kile kingekuja bure na mapema.

Nchi nyingine zimeweka kanuni. Ufaransa ilianza mwaka 1951 kutenga asilimia moja ya gharama ya majengo ya shule kwa ajili ya sanaa. Jiji la Philadelphia, Marekani, likafuata njia kama hiyo mwaka 1959. Zahanati ikijengwa kwa shilingi milioni 20, asilimia moja ni shilingi 200,000. Kiasi hicho hakichimbi kisima cha maana. Kinaweza kumlipa seremala wa Waa mlango wa nakshi, na kijana wa matatu anayejua rangi akachora ukutani jinsi ya kumtambua mtoto mwenye homa kali. Sisi tungeanza na hayo, na lile jiwe moja la 1997, basi. Minara mingine ingoje maji.

Sasa kazi. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya hapo huwa kuna mikutano ya wadi. Mikutano hiyo hufanyika asubuhi ya siku ya kazi, tangazo likiwa limebandikwa mahali ambapo hakuna apitaye. Hiyo ni hila ya kale, tumeijua tangu enzi ya chama kimoja. Tumeandika barua kwa bunge la kaunti, kurasa mbili, tukiomba kikao cha hadhara juu ya kumbukumbu ya 1997 kifanyike Waa au Likoni siku ya mapumziko, tena baada ya adhuhuri ili wote waweze kuhudhuria. Imamu ameisoma, akatusahihisha mahali pawili. Barua iko mezani karibu na mlango, pamoja na kalamu na kibweta cha wino kwa atakayeweka dole gumba.